Pangaboi katika chumba chenye dari ya futi 14: lishushwe kiasi gani?

Mjukuu wa Kibokoni ameuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri wa mafundi na wa wote waliowahi kuishi katika nyumba zenye dari ndefu.

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mombasa. Ni ya ghorofa, kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na dari ya chumba cha juu ni boriti zilizolazwa kwa upana wa chumba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kale za Mji wa Kale. Chumba chenyewe kina upana wa futi 9 na urefu wa futi 20, na nilipopima kutoka sakafuni hadi chini ya boriti nilipata futi 14. Anayelala humo ni mama yangu, ambaye sasa ana miaka 78, katika kitanda cha samadari alichoachiwa na marehemu bibi, na kitanda hicho kimeegeshwa kichwa kwenye ukuta wa upande mmoja wa chumba.

Mwaka jana tulimwekea pangaboi la inchi 56, la mapanga matatu ya chuma. Fundi alilifunga katikati ya chumba kwa ile paipu fupi iliyotoka nalo kwenye boksi, ambayo ina urefu wa futi moja tu. Linazunguka, tena kwa kishindo, lakini mama analalamika kwamba upepo haumfikii, na tangu kaskazi lianze amekuwa akilala huku ukingo wa leso yake umelowa jasho. Mwanzoni nilidhani ni utu uzima, kwa sababu mimi nikiingia chumbani nikitembeatembea nahisi hewa kidogo. Kisha usiku wa kuamkia Ijumaa alifukiza udi kama kawaida yake, na nikakaa chini nikautazama moshi. Ulitoka kwenye chetezo, ukapanda wima kama uzi uliovutwa hadi kupita kizingiti cha mlango, na huko juu ndiko ulikoanza kupindapinda na kutawanyika. Yaani chini tulipo sisi hewa ilikuwa imetulia kabisa, ilhali pangaboi lilikuwa namba tano.

Maswali yangu ni haya. Je, nikiongeza urefu wa paipu nitapata nafuu ya kweli, na kama ni hivyo, mapanga yawe kimo gani kutoka sakafuni? Je, boriti za umri huu zitastahimili? Na je, inafaa fundi aunganishe kipande cha bomba la maji kwenye paipu niliyo nayo, kama alivyonipendekezea, ili nisinunue nyingine?

Fundi wa Majengo amejibu:

Wa aleikum salaam. Ule moshi wa udi umekupa jibu kabla yetu. Pangaboi halipozi chumba, linampoza mtu aliye chini yake, kwa kuukausha unyevu ulio juu ya ngozi yake. Chumba kisichokuwa na mtu hakipati faida yoyote, na hata mota yenyewe hutoa joto kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza daima huwa ni upepo huo unaangukia wapi, na unafika ukiwa na nguvu gani.

Hesabu ya chumba chenu ni rahisi. Dari ni futi 14, paipu ni futi moja, na mota pamoja na vikombe vyake huchukua takriban nusu futi, kwa hiyo mapanga yenu yako futi 12 na nusu kutoka sakafuni. Hewa inayosukumwa na pangaboi haishuki kama maji ya mfereji. Kadiri inavyoshuka hupanuka, na huburuta hewa tulivu iliyo pembeni yake, nayo huipunguzia mwendo. Kwa kimo hicho, kinachobaki kikifika kitandani ni mtikisiko tu. Kimo kinachopendekezwa kwa mapangaboi ya nyumbani ni futi 8 hadi 9 kutoka sakafuni hadi kwenye mapanga, na haifai kabisa kushuka chini ya futi 7, kwa kuwa mtu mrefu akinyoosha mkono atadhurika. Kwenu mimi ningechagua futi 9 na nusu, kwa sababu ya samadari. Nguzo zake hukaribia futi 7, na yuko mtu ambaye siku moja atapanda kigoda kukifunga chandarua huku pangaboi likizunguka. Ukitoa futi 9 na nusu katika 14, kisha ukatoa nusu futi ya mota, unabaki na paipu ya futi 4, na urefu huo hupatikana madukani tayari umetobolewa.

Jambo la pili ni mahali. Mazoea ya kufunga pangaboi katikati ya chumba yametokana na vyumba vya mraba. Chumba chenu ni kirefu na chembamba, kwa sababu upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, na katikati ya chumba cha futi 20 hapalali mtu. Lihamishieni juu ya kitanda. Ncha za mapanga zinatakiwa ziwe mbali na ukuta kwa inchi 18 au zaidi, la sivyo hewa hugonga ukuta na kurudi nyuma. Kwa upana hamna tatizo, kwa maana inchi 56 katika inchi 108 zinawaachia inchi 26 kila upande. Kwa urefu, pimeni futi 4 kutoka ukuta wa kichwani hadi kwenye kulabu, nanyi mtabakiwa na inchi 20. Hapo upepo utaangukia kiunoni na miguuni, na mama hatakaushwa macho usiku kucha. Mjue pia kwamba chini ya mota yenyewe hewa huwa hafifu. Upepo mzuri uko chini ya mapanga, kama duara.

Kuhusu boriti, zisitobolewe hata moja. Boriti ya mkoko iliyokomaa ni ngumu na mchwa hauipendi, lakini maji ya paa linalovuja huioza kuanzia ndani, hasa pale inapoingia ukutani. Gongeni kila boriti kwa nyundo ndogo na msikilize. Nzima hulia kavu, iliyooza hulia kama boksi. Kisha chomekeni ncha ya bisibisi karibu na ukuta, na ikizama kwa urahisi msiitundikie kitu. Kulabu isitegemee boriti moja. Wekeni bamba la chuma linalopita chini ya boriti tatu, lifungwe kwa mikanda ya chuma inayozizunguka boriti zenyewe, na kulabu ishike kwenye bamba hilo. Mkanda mmoja ukilegea, mwingine upo. Kabla sijatundika pangaboi lolote kwenye dari ya namna hiyo, mimi hutundika gunia la mchele la kilo 25 usiku mzima, ingawa pangaboi halifiki hata kilo 10, kwa sababu pangaboi linalozunguka huivuta kulabu kila upande, halitulii kama mzigo uliokufa. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, kazi yoyote inayogusa boriti au kuta muiulize kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Sasa lile bomba la maji. Nakusihi usikubali. Niliitwa katika nyumba moja Tudor ambako paipu ya pangaboi ilikuwa imerefushwa kwa kuunganishwa kwa moto, na rangi ikapakwa juu ili isionekane. Ilidumu kwa miezi. Kila mzunguko uliitikisa ile welidi kidogo, na chumvi ya hewa yetu ikaingia kwenye ufa, hadi paipu ikakatika pale pale ilipounganishwa na pangaboi likaangukia meza ya kulia chakula. Ilikuwa saa nne asubuhi, watoto wako shule. Niliikuta welidi imeota kutu ndani kote, na chuma kizima kilichokuwa kimebaki hakikuzidi unene wa ukucha. Nunua paipu nzima ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye matundu ya bolti juu na chini, na kila bolti iwe na nati yake na pini yake ya kuizuia isifunguke.

Bi Mwana wa Kuze amejibu:

Mwanangu, mafundi wataongea habari za vyuma, mimi nataka kuuliza habari za chandarua. Hicho cha mama juu kina nini? Vyandarua vingi vya samadari za zamani vilishonwa na paa la kitambaa kizima, bafta au marekani, ili kuzuia vumbi la chokaa lililokuwa likidondoka kutoka darini. Wakati huo hapakuwa na pangaboi, upepo uliingia kwa madirishani na kupita ubavuni mwa chandarua, kwa hiyo paa hilo halikumdhuru mtu. Ukitundika pangaboi juu yake, utakuwa umempepea kitambaa, si mama yako. Mimi yalinipata hayo kwa miaka miwili, nikanunua pangaboi la pili bure, hadi binti yangu alipoinua mkono usiku akaligusa lile paa na kukuta juu yake kumepoa, chini yake pana fukuto. Tulilikata tukashona wavu mtupu kwa juu, na usiku ule ule nikavuta shuka.

Tazama pia chandarua kimening'inizwa kwenye kitu gani. Kama kimefungwa kwenye fremu ya samadari, hapana shida. Lakini kama kinashikwa na kamba iliyofungwa kwenye boriti, kamba hiyo iondoke kabla pangaboi halijashuka, maana mapanga yataizoa.

Mpita Njia wa Ganjoni amejibu:

Kwa maoni yangu mnajisumbua na gharama zisizo za lazima. Feni ya kusimama iwekwe karibu na kitanda, ielekezwe miguuni, na tatizo limekwisha siku hiyo hiyo, bila kugusa boriti wala kuomba ruhusa ya mtu. Nyumbani kwetu tumeishi hivyo kwa miaka.

Fundi wa Majengo amejibu:

Ndugu wa Ganjoni, kwa usiku mmoja au miwili, wakati kazi ya dari inasubiri, ushauri wako ni mzuri na ningempa mtu yeyote. Lakini huyu ni mama wa miaka 78 anayeamka usiku kwenda chooni na alfajiri kutia udhu. Waya uliotambaa sakafuni gizani na feni iliyosimama njiani ni hatari kubwa kwake kuliko joto. Kama dari itaonekana haifai kabisa, basi afadhali feni ya ukutani, ifungwe futi 7 kutoka chini upande wa miguuni, ambako waya wake utapita ukutani ndani ya mfereji wa plastiki.

Msomi wa Mota amejibu:

Naongezea jambo ambalo halijaguswa. Kabla hamjanunua paipu, hakikisheni kwamba pangaboi lenyewe linafanya kazi yake. Muuliza swali amesema linazunguka kwa kishindo, na hiyo si sifa njema.

Kwanza simama chini yake na utazame linazunguka upande gani. Kwa mapangaboi ya kawaida ya mapanga matatu yanayouzwa hapa kwetu, likitazamwa kutoka chini linatakiwa kuzunguka kinyume cha mishale ya saa. Waya za kapasita, kile kidude kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, zikifungwa mahali pasipo pake, mota huzunguka kinyume, mapanga huisukuma hewa juu badala ya chini, na mtu hukaa chini yake akilaumu dari. Nimeliona kosa hili zaidi ya mara moja, na kulirekebisha hakuchukui hata robo saa.

Pili, pima mwendo wake. Pangaboi la inchi 56 likiwa kwenye namba tano, usiweze kuyahesabu mapanga kwa macho. Ukiweza, kapasita imechoka. Ni kile kidude cheusi au cheupe kilicho ndani ya kikombe cha juu ya mota, na katika mapangaboi mengi ya ukubwa huo huandikwa mikrofaradi 2.5. Joto huimaliza taratibu, na dalili yake ni kwamba mwendo unapungua mwaka hadi mwaka huku umeme ukiwa ule ule wa volti 240. Ibadilishe kwa nyingine yenye kiwango kile kile kilichoandikwa. Wako wanaoweka kubwa zaidi wakitarajia kasi, na kweli kasi inaweza kuongezeka kidogo, lakini nyaya za mota hupata moto na siku zake huwa chache. Umeme uzimwe kwenye meni swichi, si kwenye swichi ya ukutani peke yake, na hata baada ya kuzima usiziguse ncha za kapasita kwa vidole, maana huweza kubaki na umeme ndani yake.

Tatu, paipu ya futi 4 inahitaji waya wa futi 4 na ziada. Waya usiungwe ndani ya paipu. Uvutwe mzima kutoka kwenye mota hadi darini, uwe na nyuzi tatu ikiwemo ya ethi, yaani ule wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja, kwa sababu paipu ndefu ya chuma ambayo haina ethi ni kitu cha kuogopesha katika mji ambao kila kitu hupata unyevu. Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli.

La mwisho ni kuyumba. Paipu ndefu hufanya kazi kama pembea. Kasoro ndogo ambayo kwa futi moja hukuiona, kwa futi 4 itaonekana na kila mtu chumbani. Yafuteni mapanga vumbi lote, maana vumbi letu huchanganyika na chumvi likaganda na kuwa na uzito. Kisha msimamishe fimbo juu ya meza iliyotulia, ncha yake ifikie ukingo wa panga moja, na mgeuze pangaboi kwa mkono taratibu ili kila panga lipite kwenye ncha hiyo. Panga lililo juu au chini ya wenzake kwa zaidi ya milimita 3 lirudishwe kwa kulikaza skrubu zake, au kwa kukipinda kidogo kile kishikio chake. Yakiwa sawa yote na bado linayumba, bandikeni sarafu moja kwa teipu juu ya panga, mjaribu panga baada ya panga hadi mtakapopata lile ambalo sarafu ikikaa juu yake pangaboi linatulia.

Mjukuu wa Kibokoni ameandika tena:

Nawashukuru kwa moyo wangu wote. Nimekawia kurudi kwa sababu tulifanya kazi kwa hatua.

Boriti mbili kati ya nane tulizogonga zililia kama boksi, na mojawapo ilikuwa ile ile iliyokuwa ikishika pangaboi kwa mwaka mzima. Bisibisi ilizama ndani yake kwa urefu wa kidole. Sikulala vizuri usiku huo, nikifikiria mama alivyokuwa akikaa chini yake mchana akichambua mchele. Habari ya boriti hiyo imeshapelekwa kwa wahusika wa uhifadhi ili tushauriwe namna ya kuibadilisha, na pangaboi limehamishiwa juu ya kitanda, kwenye bamba lililokumbatia boriti tatu nzima. Gunia la mchele lilining'inia usiku kucha bila bamba kusogea.

Kapasita ilikuwa imevimba. Iliyowekwa ni mpya ya kiwango kile kile, paipu ni ya futi 4, na mapanga sasa yako futi 9 na nusu kama ilivyohesabiwa. Bi Mwana, chandarua kilikuwa na paa la bafta, tena la tabaka mbili. Mama hakutaka likatwe kwa kuwa lilishonwa na bibi kwa mkono, kwa hiyo tulilifumua mshono badala ya kulikata, likakunjwa na kuwekwa sandukuni, na wavu ukashonwa mahali pake. Usiku wa kuamkia Ijumaa alifukiza udi, na safari hii moshi haukufika hata kimo cha mto. Ulitoka kwenye chetezo ukalala, ukatambaa sakafuni kuelekea mlangoni. Sasa anatumia namba tatu, na kabla ya alfajiri hushusha hadi mbili.

Limezuka jambo moja ambalo hatukulitarajia. Taa ya chumba iko ukutani kwa kimo cha futi 11, yaani juu ya mapanga, na pangaboi likizunguka taa ikiwa inawaka, vivuli vya mapanga vinapita ukutani upesi upesi mfano wa kitu kinachokatakata mwanga. Mama anasema kinampa kizunguzungu anaposoma Juzuu.

Fundi wa Majengo amejibu:

Hilo ni kosa langu, nilipaswa kulitaja. Pangaboi likishuka, taa yoyote iliyobaki juu yake hukatwa na mapanga. Taa ishushwe ikae futi 6 na nusu au 7 kutoka sakafuni, upande wa kichwa cha kitanda, na vivuli havitamshukia tena anaposoma. Msiongeze taa nyingine mkaiacha ile ya juu ikiwaka, kwa maana itaendelea kumsumbua.

Na baada ya wiki mbili pandeni ngazi, umeme ukiwa umezimwa, mkajaribu kila bolti kwa spana. Bamba jipya juu ya boriti ya zamani hukaa vizuri baada ya kutikiswa kwa siku kadhaa, na hapo ndipo nati hulegea.

Mjukuu wa Kibokoni ameandika tena:

Taa imeshushwa na vivuli havipo. Leo wiki mbili zimetimia, na nimetoka kwenye ngazi sasa hivi. Bolti za paipu hazikusogea hata kidogo, lakini nati mbili za mikanda ya boriti zilikubali robo mzunguko kila moja. Nimezikaza na kuzitia alama ya rangi, ili nikipanda tena mwezi ujao nijue kama zimesogea.